Jukwaani Staa, Kwenye Posa Mhuni

Mwaka 2014 jarida la Psychology of Music lilitoa utafiti ambao vijana wengi wa kiume wangeomba Mungu uwe kweli. Nicolas Guéguen wa Chuo Kikuu cha Bretagne-Sud, Ufaransa, na wenzake wawili walimtafuta kijana wa miaka 20, mtanashati, wakamweka njiani awe anawasimamisha wasichana asiowajua na kuwaomba namba ya simu. Maneno ya kuombea yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mzigo alioshika: mara kasha la gitaa, mara begi la michezo, mara mikono mitupu. Wasichana 300 walisimamishwa. Akiwa na gitaa, kijana alipewa namba na asilimia 31 ya aliowaomba. Akiwa mikono mitupu, asilimia 14. Akiwa na begi la michezo, maskini, asilimia 9.

Angalia kwamba hakupiga hata uzi mmoja. Hakuna msichana aliyesikia lolote. Ndani ya kasha lile pangeweza kuwa na mihogo na hakuna ambaye angejua.

Habari hiyo ilizunguka dunia, na bado inazunguka. Utaikuta kwenye simu yako, imetumwa na rafiki, juu yake pameandikwa kwamba wanasayansi wamethibitisha. Kilichofuata hakikusambaa kwa kasi hiyo. Nick Brown na James Heathers, watafiti wawili wenye desturi ya kukokotoa upya hesabu za wenzao, walizichambua makala kadhaa za Guéguen, na mwaka 2017 wakaweka hadharani walichokiona: tarakimu zisizolingana, tofauti kubwa mno kuliko zinazopatikana kwa kawaida katika tafiti za tabia za watu, na maelezo ya kazi ya uwandani yaliyoacha maswali mengi. Baadhi ya makala zake zimefutwa na majarida yaliyozichapa. Mimi siwezi tena kulitaja kasha lile la gitaa kama ushahidi wa kitu chochote, na nakushauri nawe usilitaje.

Liko jaribio jingine la gitaa, la mwaka 2012, lililofanyika Israel kwa njia ya Facebook. Wanafunzi 100 wa kike wasio na wapenzi walitumiwa ombi la urafiki na mwanamume mmoja wasiyemjua. Nusu yao walimwona kwenye picha akiwa ameshika gitaa, nusu wakamwona bila gitaa. Wa kundi la kwanza walikubali 14 kati ya 50. Wa kundi la pili, 5 kati ya 50. Ukiandika kwa asilimia inapendeza sana: 28 dhidi ya 10. Ukihesabu watu, tofauti yote ni wanawake tisa. Wanne tu kati yao wangekuwa siku hiyo wamechoka na kuifunga simu bila kujibu, utafiti mzima usingekuwa na la kusema. Isitoshe, mwanamume alikuwa mmoja na picha ni mbili. Huenda gitaa lilimkaa vizuri, basi.

Lakini swali lenyewe haliishi kwa kuanguka kwa tafiti mbili. Kila aliyepita shule anakijua kisa hiki: mwanafunzi asiyejulikana hata jina anashika kipaza sauti siku ya mahafali, anaimba, na Jumatatu yake ana marafiki ambao Ijumaa hakuwa nao. Wakubwa wanamsalimia. Wasichana wanamwita kwa jina la utani. Je, kilichomnyanyua ni kipaji? Ama ni kitu kingine kilichosimama naye pale jukwaani, kipaji kikapewa sifa?

Miongoni mwa watu wa kwanza kulijibu swali hili kisayansi alikuwa Charles Darwin. Katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu na namna viumbe wanavyochaguana, alisema kwamba mababu zetu, kabla hawajaweza kuzungumza kwa maneno, walivutana kwa sauti na midundo, kama ndege wafanyavyo hadi leo. Ndege dume anaimba ili jike amsikie. Kwa baadhi ya jamii za ndege, dume mwenye nyimbo nyingi hupata mwenza mapema kuliko mwenye chache. Darwin akaona muziki wa binadamu una asili hiyo hiyo: mwimbaji hodari anapendwa, anazaa watoto wengi, watoto wanarithi sauti, na kizazi kwa kizazi binadamu wanakuwa wanamuziki.

Ni dhana tamu, na kwa zaidi ya miaka 140 haikuwahi kupimwa kwa watu wengi. Ikaja kupimwa Sweden. Mwaka 2015 Miriam Mosing, Fredrik Ullén na wenzao walitoa matokeo ya mapacha zaidi ya 10,000. Mapacha ni hazina kwa watafiti wa urithi: wanaofanana wana jeni zile zile, wasiofanana wanachangia nusu tu, kwa hiyo ukiwalinganisha unaweza kukisia kipi kimetoka kwenye damu na kipi kimetoka kwenye malezi. Kila pacha alipimwa sikio lake: kutambua sauti ipi iko juu na ipi chini, kutofautisha midundo, kutofautisha melodi. Kisha wakaulizwa mambo ya faragha, pamoja na idadi ya wapenzi waliowahi kuwa nao na idadi ya watoto.

Kama Darwin alikuwa sahihi, wenye masikio mazuri wangekuwa mbele kwenye hesabu hizo. Hawakuwa. Watafiti walihitimisha kwamba ushahidi wa kuunga mkono dhana hiyo ni hafifu mno. Bila shaka Sweden ya leo, yenye vidonge vya kuzuia mimba na kondomu kila duka, si mahali pa kupimia mambo ya mababu wa kale, na idadi ya watoto huko inaeleza zaidi mipango ya familia kuliko mvuto. Lakini kwa yule kijana wa mahafali, anayeishi leo na wala si zamani za mababu, jibu linatosha: sikio zuri peke yake halimpi mtu soko.

Na pengine sababu mojawapo ni kwamba watu hawamsikilizi tu mwanamuziki. Wanamtazama.

Chia-Jung Tsay, mtafiti ambaye mwenyewe ni mpiga piano wa jukwaani, alichukua rekodi za fainali za mashindano makubwa ya muziki wa kizungu. Kila fainali ilikuwa na washindani watatu, na mshindi alikuwa ameshateuliwa na waamuzi waliobobea. Tsay akawaita watu wa kawaida akawaambia wabashiri nani alishinda. Wengine walisikilizishwa sauti tu. Wengine walionyeshwa picha na sauti. Wengine walionyeshwa video bubu, vipande vya sekunde chache, mpiga piano anaonekana akipiga bila kusikika chochote. Kabla ya kuanza, zaidi ya watu 8 kati ya 10 walisema kwamba kwao kilicho muhimu ni sauti.

Kwa kubahatisha tu, mtu angepata mmoja kati ya watatu. Waliosikiliza sauti peke yake walipata chini ya hapo, karibu robo. Walioangalia video bubu walipatia zaidi kidogo ya nusu. Tsay akarudia kwa wanamuziki wa kazi, watu wanaokula kwa muziki, nao wakafanya vile vile: waliwatambua washindi vizuri zaidi walipoziba masikio kuliko walipofumba macho. Hata alipofuta sura na mavazi, akabakiza mistari tu ya mwili unaotikisika, bado watu waliona nani kashinda. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Baadaye Samuel Mehr na wenzake walijaribu upya. Kwa vipande vile vile vya Tsay wakapata kile kile, lakini walipobadili vipande matokeo yakayumba. Kwa hiyo tusiseme kwamba jicho hulishinda sikio siku zote. Tuseme jicho limo kwenye hukumu hata pale ambapo mwenyewe unaapa kwamba halimo.

Wanamuziki wetu wa dansi hawakungoja jarida lolote liwaeleze haya. Mpiga solo wa bendi anajua kwamba pale anapofika juu kabisa kwenye shingo ya gitaa ndipo anapotakiwa kufumba macho, kuuma mdomo na kurudi nyuma hatua moja kana kwamba kaungua. Kidole kimoja kwenye uzi kingemtosha kutoa ile sauti. Uso ni kwa ajili yetu. Na ndiyo maana bendi inaweza kuwa na mpiga besi anayebeba wimbo mzima mgongoni, amesimama nyuma karibu na ngoma, shati limemlowa, na ukitoka ukumbini hukumbuki kama alikuwepo.

Kwenye taarabu jambo hili limekwenda mbali zaidi, hadi mng'aro wa mwimbaji unamwangukia asiyeimba. Tazama anavyotoka mtu kumtuza. Mwanamke ananyanyuka katikati ya safu, hana haraka. Noti kaishika kwa ncha za vidole, juu kidogo ya bega, ionekane. Anazifuata ala kwa mabega, anapita mbele ya meza ambayo hakulazimika kupita, anatua kidogo pale ubeti unaposema lile analotaka lisikike, kisha anafika kwa mwimbaji, anampa, anageuka, anarudi kwa mwendo ule ule. Kwa dakika nzima ukumbi umemtazama yeye. Sauti si yake, mashairi si yake, fidla si yake, lakini ujumbe umefika kwa aliyekusudiwa na kesho uwani atazungumzwa yeye. Wanaosoma jinsi watu wanavyopata heshima kupitia sanaa wangejifunza mengi kwa kukaa kwenye kiti cha nyuma cha onyesho moja la taarabu.

Bado hatujaugusa umati. Kipaji kinaweza kuwepo, sura ikawepo, na mtu asivume. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walitoa katika jarida la Science jaribio ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote niliyoyasoma juu ya umaarufu. Waliweka kwenye tovuti nyimbo 48 za bendi zisizojulikana na kuwaalika watu wasikilize, wazipe alama, na wakitaka wazipakue bure. Walishiriki watu zaidi ya 14,000. Wachache hawakuonyeshwa wenzao wamechagua nini. Chaguo lao likachukuliwa kuwa kipimo cha ubora wa kila wimbo. Waliobaki waligawanywa katika dunia nane zisizoonana, na ndani ya kila dunia mtu aliona kila wimbo umepakuliwa mara ngapi na watu wa dunia yake.

Dunia zote nane zilianza sawa, kutoka sifuri, na nyimbo zile zile. Kama ubora ndio unaoamua, orodha nane zingefanana. Hazikufanana. Bendi moja iitwayo 52Metro ilikuwa na wimbo ulioshika nafasi ya 26 kwa ubora, wa katikati kabisa. Katika dunia moja wimbo huo ulikuwa namba 1. Katika dunia nyingine ulikuwa namba 40. Vidole ni vile vile, koo ni lile lile, studio ni ile ile. Tofauti ni kwamba kwenye dunia ya kwanza watu wachache wa mwanzo waliupenda, waliofuata wakaona umependwa, nao wakaupenda. Ubora haukuwa bure: nyimbo nzuri kabisa mara chache zilishika mkia, na mbaya kabisa mara chache zilipanda kileleni. Ila kwa walio wengi, walio katikati, lolote liliwezekana. Na wengi wetu tuko katikati.

Nikisoma jaribio hili nakumbuka historia ya beni kwenye pwani yetu. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975: ngoma ya tarumbeta na sare za kijeshi iliyoanza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikasambaa hadi bara na Tanganyika yote. Miji mingi iligawanyika katika vyama vya Marini na Arinoti. Marini ilikuwa ya waliojiona wastaarabu wa mji, Arinoti ya watu wa hali ya chini. Walishindana kwa muziki, kwa mavazi, kwa vyeo vya kubuni, kwa karamu na kwa wingi wa wafuasi, na mtu alijulikana mjini kwa chama chake kabla hajajulikana kwa namna anavyopuliza.

Lakini tunaposema mtu fulani ni mjanja, ana swaga, yuko poa, tunamsifia nini hasa? Todd Pezzuti, Caleb Warren na Jinjie Chen waliwauliza watu karibu 6,000 katika nchi 12, wakiwemo Wanigeria na Waafrika Kusini, wamfikirie mtu wanayemjua aliye hivyo, kisha waeleze tabia zake. Wengine waliombwa wamfikirie mtu mwema. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025, na la kushangaza ni jinsi majibu yalivyofanana kutoka bara hadi bara. Mtu anayeonekana poa ni mchangamfu, anapenda raha, ana nguvu juu ya wengine, anathubutu, yuko wazi kwa mambo mapya na hafuati mkumbo. Mtu mwema ni mpole, mtulivu, anashika desturi, anafanya kazi yake kwa bidii, anajali watu. Kuwa na uwezo, kuwa fundi wa jambo lako, kulionekana pande zote mbili.

Hapo ndipo nadhani fundo linafunguka. Ustadi wa muziki haumpeleki mtu upande mmoja. Muadhini mwenye sauti nzuri ni stadi. Mwalimu wa kwaya anayeweza kuandika noti za sauti nne kwa usiku mmoja ni stadi. Wote wanaheshimiwa, na hakuna kijana anayevaa kama wao. Mwanamuziki wa jukwaani anaonekana poa kwa sababu maisha yake, au yale tunayoyadhania kuwa maisha yake, ni ya mtu aliyezifungua kamba zake: analala asubuhi, anavaa anavyotaka, anasema wazi yale ambayo wengine wanayanong'ona. Kipaji kinampa ruhusa ya kuishi hivyo. Tunachokitamani ni ile ruhusa.

Na ndiyo maana mtu huyo huyo anayepigiwa vigelegele Jumamosi usiku huwa na shida Jumapili akipeleka washenga. Mazungumzo tunayajua.

"Na huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Anapiga muziki, mjomba."

"Hilo nimelisikia. Nauliza kazi."

Mjomba si mshamba wala hana chuki na sanaa; huenda mwenyewe alikuwa akicheza dansi la Msondo na Sikinde hadi alfajiri. Yeye anatafuta sifa za ile orodha ya pili: utulivu, desturi, kesho inayotabirika. Sifa zilizomfanya kijana ang'are ukumbini, kupenda raha na kutofuata mkumbo, ndizo zinazomtia mjomba baridi. Watu wawili wanamtazama mtu mmoja na kipaji kimoja, wanatoa hukumu mbili, na kwa kipimo chake kila mmoja yuko sawa.

Mtu mmoja kwenye historia yetu alizipata hukumu zote mbili kwa wakati mmoja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, akauza vyungu vya mama yake, akaingia mjini mwaka 1911. Washindani wake walimcheka kwa nasaba na kwa sura. Kwa vipimo vyote vya mji ule wa masultani hakuwa na cha kumfanya atazamwe mara mbili. Alichokuwa nacho ni koo. Akaalikwa kuimba hadi kwenye majumba ya wakubwa, na mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ikampeleka Bombay kurekodi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingia kwenye santuri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Watetezi wa kipaji wana haki ya kumtaja kama shahidi wao mkuu, nami sitawapinga. Ila nitawakumbusha kwamba santuri haina uso. Watu wa Lamu, wa Tanga na wa bara waliweza kumsikia bila kumwona, bila kujua amevaa nini na baba yake nani. Teknolojia ilifumba macho ya wasikilizaji, na masikio yakapata kazi.

Wazazi wanaoogopa gitaa, na vijana wanaolitaka kwa ajili ya sifa, wote wajue pia kwamba sifa ya ujanani haidumu. Joseph Allen wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, aliwafuatilia vijana 184 kuanzia umri wa miaka 13 hadi 23. Waliokuwa wa kwanza kujifanya wakubwa, wakawa gumzo la darasa, walianza kushuka thamani machoni pa wenzao kabla hata ya kumaliza sekondari, na kufikia miaka 23 walikuwa na matatizo zaidi ya ulevi na ya kisheria kuliko wenzao waliokuwa kimya.

Kipi basi ambacho muziki unampa mtu kwa uhakika? Hapa ushahidi ni imara zaidi, na hauhitaji kipaji.

Huko Leipzig, Ujerumani, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello waliwachezesha watoto 96 wa miaka minne, wawili wawili, mchezo wa vyura wa kuchezea kwenye bwawa la bandia. Baadhi ya jozi walicheza wakiimba na kupiga midundo pamoja. Wengine walicheza mchezo ule ule bila muziki. Baadaye mtoto mmoja alipata ajali iliyopangwa: gololi zake zikamwagika. Waliokuwa wameimba pamoja waliwasaidia wenzao zaidi. Watoto hao hawakuchaguliwa kwa sauti, na dakika chache za mchezo zilitosha.

Kwa watu wazima, Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walitumia kipimo cha ajabu kidogo: maumivu. Mwili unapotoa endofini, dawa yake ya asili, mtu hustahimili maumivu zaidi, kwa hiyo ukimbana mkono kwa mkanda wa kupimia presha kabla na baada ya tukio, unaweza kukisia kilichotokea ndani. Mwaka 2012 walionyesha kwamba wanaoimba, wanaopiga ngoma na wanaocheza wanapata nguvu hiyo. Wanaosikiliza tu hawaipati. Kisha Eiluned Pearce, Jacques Launay na Dunbar walifuatilia madarasa ya jioni ya watu wazima Uingereza kwa miezi saba. Baadhi yalikuwa ya kuimba, mengine ya kazi za mikono au ya uandishi. Mwishoni watu wa madarasa yote walikuwa wamezoeana sawasawa. Tofauti ilikuwa mwanzoni: waimbaji walikuwa karibu tangu mwezi wa kwanza, wakati wenzao wa kufuma na kuandika bado walikuwa wanaulizana majina.

Nadhani sasa yule kijana wa mahafali anaeleweka. Aliimba, watu wakamwona, rafiki mmoja akamsifia, wa pili akafuata, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akiitikia kibwagizo pamoja naye, wote walitoka pale wakiwa karibu kidogo kuliko walivyoingia. Sauti yake ilikuwa na mchango. Sidhani kama ulikuwa mkubwa kuliko wa kibwagizo.

Kwa hiyo, wewe unayewaza kununua gitaa ili upendwe: fedha hiyo itakununulia miaka ya mazoezi na malengelenge vidoleni, na mvuto wa gitaa lenyewe haujathibitishwa na mtu yeyote. Kama unalipenda, linunue leo. Kama unachotaka ni watu, iko njia ya haraka na haina gharama. Kwaya za mitaani, vikundi vya kasida na ngoma za jioni hupokea wanachama mwaka mzima, na wengi hawakuulizi unajua nini. Ulizia siku ya mazoezi, ufike, usimame mstari wa nyuma, uitikie.